Shati la maua kwa joto la Dar: kitenge, khanga, batiki au la dukani?

Kaskazi_Tele:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaovaa, si wa wanaouza. Nafanya kazi stoo, Gerezani, bati juu na feni moja. Kuanzia Desemba mpaka Machi hapakaliki. Nataka mashati mawili ya maua, mapana, mikono mifupi, ya kuvaa nje ya suruali bila kuonekana nimetoka kulala.

Kwa sasa ninayo matatu. La kitenge nililoshonewa kwa harusi ya binamu, zuri ila gumu, kola inanikwaruza shingo. La mtumba nililookota Karume, laini mno, lina vifungo vya kifuu cha nazi. La tatu ni jipya, la dukani, lina minazi, lebo yake inasema pamba tupu. Hili ndilo lililonileta hapa. Ikifika saa nne asubuhi limeshaninata mgongoni, na jasho linatiririka chini yake bila kunyonywa. Pamba gani hainyonyi?

FundiCherehani:
Mkuu, kabla ya kulinganisha chochote, pindua upindo wa ndani wa hilo shati la minazi uchomoe uzi. Uwe uzi wa kitambaa chenyewe, usichanganye na uzi wa kushonea, maana wa kushonea mara nyingi ni poliesta hata kwenye shati la pamba. Uwashie kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na jivu lake ni laini, ukiligusa linapukutika. Poliesta inajikunyata, inayeyuka, ikipoa inabaki kidonge kigumu. Ukiona jivu lenye punjepunje, ni mchanganyiko.

Kaskazi_Tele:
Nimechoma sasa hivi, mke wangu shahidi. Kidonge cheusi, kigumu kama mbegu ya papai. Imeniuma kweli, maana nilimuuliza muuzaji mara mbili.

FundiCherehani:
Pole sana. Lebo hushonwa na yeyote. Sasa tuje kwenye kitenge chako. Kitenge cha pamba kikiwa kipya kinakuwa kimetiwa wanga, ndiyo maana kinang'aa na kusimama. Wengi hupeleka kwa fundi hivyohivyo kwa sababu kinakatika vizuri, na fundi mvivu anakipenda hivyo. Mimi mteja akileta kipya namrudisha nacho nyumbani: kakiloweke usiku kucha kwenye maji matupu, kifue, kianike, ndipo ukilete. Kinarudi laini, kimeshajivuta kadiri ya kujivuta kwake, na kama kinachuja utajua kabla hakijakuharibia singlendi nyeupe. Kisipofuliwa kwanza, shati linafuliwa likiwa limeshonwa, na urefu wote ulioupenda unapotea.

Na kile kitu kinachokukwaruza si kitenge. Ni kitambaa kigumu kinachobandikwa kwa pasi ndani ya kola. Kwa shati la kupumzikia mwambie fundi asikiweke, au aweke pamba nyembamba badala yake.

MamaPindo:
Kaka, mbona khanga umeitaja kwenye kichwa cha mada tu halafu umeiacha? Sisi tunazilalia, tunazibebea watoto, tunajitanda. Hakuna nguo inayoshinda khanga ya pamba iliyofuliwa mara ishirini. Upepo unapita, na ikilowa jasho inakauka ukiwa umeivaa.

Kazi iko kwenye kukata. Khanga moja ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, na ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina lake. Kwa mtu mzima usijaribu kubana shati kwenye kipande kimoja, nunua doti nzima. Shati lako litatoka, na mtoto wako atapata lake. Fundi asiyefikiri ataanza kukata popote, unajikuta pindo limekatiza kifuani upande mmoja na upande wa pili halipo. La mume wangu tulikaa na fundi tukalitandaza sakafuni kwanza. Pindo limeshuka sawasawa pande zote mbili za vifungo, na jina limekaa chini kabisa ya mgongo: HASIDI HANA SABABU. Akisimama linasomeka lote. Watu humsimamisha njiani wakalisoma.

Jina lichague wewe mwenyewe, usimwachie muuzaji. Khanga inasema, na ukiivaa umesema wewe.

Mvita_Kale:
Dada hapo juu, khanga naiheshimu, mamangu aliuza khanga Mombasa, Mtaa wa Biashara, miaka mingi. Lakini kwa mtu wa stoo? Anayeinua makatoni? Lile langu lilitatuka begani, pale mkono unaposhonewa, na halikufika mwaka. Nyuzi za khanga ni nyepesi, mshono ukivutwa zinafunguka. Tena khanga mpya nyingine zina poliesta ndani, kiberiti cha fundi kitumike huko pia.

Mimi nakaa na kitenge, ila chepesi. Nikiwa dukani nakiinua kwenye mwanga nione kama naona vidole vyangu nyuma yake, halafu nakigeuza. Kitenge kilichochapwa kwa nta yenyewe rangi imeingia pande zote mbili, mgongo na uso havitofautiani. Kilichochapwa upande mmoja tu kina mgongo uliopauka, na huo huo uso ndio utakaopauka baadaye.

FundiCherehani:
Kuhusu bega kufunguka, Mvita ana haki, ila dawa ipo. Shati la khanga lishonwe pana, lisibane kwapani, mshono ukunjwe mara mbili badala ya kupigwa ovaloki peke yake. Shati linalobana linatatuka hata likiwa la jinzi.

Halafu kuna jambo la joto ambalo sijaona mtu analitaja. Kile kipande cha mabegani nyuma, mafundi wengi hukishona cha tabaka mbili, kama shati la ofisini. Kwa shati la joto tabaka moja linatosha. Hapo ndipo jasho la mgongo linapoanzia. Chini likatwe wima, bila mkia, na mpasuo wa vidole vitatu kila upande, ukikaa lisipande tumboni.

Binti_Unguja:
Naiombea batiki nafasi. Batiki ya mkono hupigwa nta, ikatiwa rangi, kisha nta ikatolewa kwa maji ya moto, kwa hiyo kitambaa kimeshachemshwa kabla hujakinunua. Wanga wa kiwandani umeshatoka. Kinachoamua ni kitambaa cha chini: ikipigwa kwenye marekani itakuwa nzito, ikipigwa kwenye bafta nyembamba utaipenda. Ifue peke yake mara tatu za mwanzo na uianike kivulini. Siki na chumvi nimezijaribu kuzuia kuchuja, sikuona tofauti.

Muscat_Pwani:
Salamu kutoka Muscat. Hilo la mtumba lenye vifungo vya kifuu usilidharau. Asili yake ni mashati ya Hawaii, yalianza kuuzwa Honolulu miaka ya 1930, na mengi ni ya rayoni. Rayoni si pamba lakini si plastiki pia, inatokana na mti, kwa hiyo kiberiti kitakuonyesha jivu. Huku wakati wa joto tunapita nyuzi 40 na bahari iko karibu, nami navaa la rayoni. Ila ikilowa inakuwa dhaifu, usiikamue kwa kuisokota. Angalia pia mfuko wa kifuani: kwenye shati lililoshonwa kwa uangalifu maua ya mfuko yanaungana na ya kifua mpaka huoni mfuko ulipo.

Kaskazi_Tele:
Muscat, nimelichukua kwenye kamba ya nguo kuangalia. Mfuko huo siku zote sikuwa najua upo! Kuna jani la mgomba linaanzia kifuani, linapita juu ya mfuko bila kukatika.

Wakuu, nimeamua. La kitenge la harusi nimeliloweka tangu jana, maji yametoka meupe kama ya mchele, na kola fundi atanifungulia atoe ule ugumu. La stoo litakuwa kitenge chepesi, nitakishika kwenye mwanga kama Mvita. Na la Jumapili ni khanga. Leo nimeshuka Mtaa wa Uhuru na mke wangu, kachagua yeye rangi, mimi nimechagua jina: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nimepima kabla na baada ya kufua, imejivuta vidole viwili. Kesho jioni tunaitandaza sakafuni kwa fundi.

MamaPindo, jina la mgongoni mlilipimaje lisiliwe na mpasuo?

MamaPindo:
Mwambie aanze kukata mgongo, kaka, jina likiwa katikati. Mengine yote yatafuata hapo.