Saa mbili za fasihi na sanaa katika masomo ya udaktari: zitamfaa mgonjwa?

Mwanafunzi, Kisauni
Assalamu alaikum. Niko mwaka wa tatu wa udaktari hapa Mombasa. Inapendekezwa tutengewe saa mbili kila juma za kusoma mashairi na kuchunguza michoro, ilhali anatomia na famakolojia hazituachii hata muda wa kulala. Nawauliza mliotangulia wodini: saa hizo zitamfaa mgonjwa, au ni pambo?

Muuguzi, Majengo
Waalaikum salaam, mwanangu. Bibi mmoja wa Mji wa Kale alimwambia daktari kijana, "Moyo umenichafuka tangu alfajiri." Daktari, ambaye Kiswahili chake ni cha darasani, aliandika maradhi ya moyo na kumpeleka kwenye kipimo. Sisi tuliokulia hapa tunajua kwamba bibi alikuwa akilalamikia kichefuchefu, na kumbe kilitokana na dawa mpya aliyoanza siku mbili kabla. Simlaumu daktari kwa kipimo, maana kwa umri ule kilifaa. Kilichoniuma ni kwamba hakumuuliza anamaanisha nini. Wafundisheni lugha ya wagonjwa kwanza.

Daktari wa ngozi, Nyali
Naafikiana na Bi. Muuguzi, lakini michoro nayo isidharauliwe. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, daktari mwenzangu wa ngozi, Irwin Braverman, alishiriki kuwafunza wanafunzi kwa kuchunguza michoro ya jumba la sanaa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba walieleza vizuri zaidi wakionacho katika picha za wagonjwa. Sisi tuna milango ya nakshi: mwanafunzi asimame mbele ya mmoja kwa robo saa, aeleze anachokiona kabla ya kukipa jina, kwa kuwa upele nao hukosewa tunapoharakia jina.

Mwalimu wa ushairi, Kibokoni
Msomaji wa mashairi ya mishororo minne, kama ya Muyaka bin Haji wa mji huu, huzoea kungojea kituo, yaani mshororo wa mwisho, kwa sababu mara nyingi maana hutua hapo. Mgonjwa naye hueleza kikohozi, kisha anaposhika mlango ndipo anapotaja damu. Daktari asiyezoea kungoja huwa ameshamwita mwingine.

Mwanafunzi, Kisauni
Shukrani, wakubwa wangu. Nitawaomba wahadhiri saa ya kwanza ifundishwe na wauguzi.