Nimeng'olewa gego Jumatatu, leo siku ya nne na uchungu ndio unazidi, hii ni kawaida?

mwalimu_lanet

Habari zenu jameni, mwenye amepitia hii naomba anisaidie. Mimi ni mwalimu wa gredi ya tatu huku Lanet, Nakuru. Jumatatu nilienda kung'olewa gego la chini upande wa kulia, lile la mwisho kabisa, lilikuwa limeoza hadi limebaki ganda. Kung'olewa kwenyewe hakukuwa na shida, nilidungwa ganzi nikawa nasikia tu vile linasukumwasukumwa na ile sauti ya kukwaruza ndani ya kichwa, baada ya dakika ishirini niko nje na pamba mdomoni. Jumanne niliamka sawa, taya imefura kidogo lakini nikaenda kufunza.

Sasa jana jioni ndio mambo yamebadilika. Uchungu ulianza polepole, kufika saa tano usiku ni kama mtu anachokora mfupa na msumari, unapanda hadi ndani ya sikio na unaenda hadi kwa kipaji upande huo huo. Nikameza Panadol mbili, saa kumi usiku nikaongeza zingine mbili, hakuna kitu. Nimewasha tochi ya simu nikaangalia kwa kioo, shimo liko wazi na kwa chini naona kitu cheupe kama mfupa. Na kuna harufu inatoka hapo, leo darasani nilikuwa naongea nikiwa nimefunika mdomo na leso ndio watoto wasisikie.

Niseme ukweli wote ndio mnisaidie vizuri. Ile Jumatatu jioni shangazi yangu aliniambia nisukutue na maji moto ya chumvi ndio kidonda kisioze, nikasukutua kwa nguvu karibu kila saa nikitema hadi nikaenda kulala. Alikuwa ananihurumia tu, simlaumu. Nilipewa karatasi ya maelekezo pale kliniki na sikuisoma hadi leo, inasema nisisukutue siku ya kwanza. Sasa naogopa kurudi nitagombezwa, na mfukoni pia pesa si nyingi. Nivumilie wiki iishe ama ninunue antibayotiki kwa kemisti?

fundi_kibuye

Mwalimu pole sana, na tafadhali usivumilie. Hiyo unaeleza ndio ilinipata mwaka juzi hapa Kisumu, ukisema sikio nimejua mara moja ju yangu nilidhani ni sikio limeingia mdudu, nikaenda hadi kutiwa matone ya sikio bure.

Mimi kosa langu lilikuwa sigara. Niling'olewa asubuhi, jioni nikavuta mbili, kesho yake nikaendelea kama kawaida. Siku ya tatu nikashindwa hata kushika nyundo, kila nikigonga bati ni kama nimegonga taya yangu. Nikakaa siku tano nzima nikimeza dawa za kemisti, za rangi zote, hadi bibi yangu akachukua boda akanipeleka mwenyewe.

Wacha nikueleze kile walifanya ndio usiogope. Daktari alichukua bomba la sindano bila sindano, akaliweka maji ya chumvi ya vuguvugu, akaosha lile shimo polepole. Ikatoka punje ya wali nzima nzima, nilikula wali siku mbili kabla ya hapo. Halafu akachukua kitambaa chembamba kama utepe, kimelowa dawa ya rangi ya kahawia inanuka karafuu kabisa, akakiingiza ndani ya shimo na kile kikoleo kidogo. Hapo nilishika mkono wa kiti kwa nguvu, sitakudanganya, sekunde kama kumi hivi ni kali. Halafu nikatoka nikapanda matatu, na kabla nifike Kondele nikashtuka naona uchungu hauko. Umeisha tu. Nililala siku hiyo kutoka saa kumi jioni hadi asubuhi.

Na hakuna mtu alinigombeza. Waliniuliza kama nimevuta sigara, nikasema ndio, wakaandika.

mama_wa_njoro

Pole mwalimu wangu. Mimi yangu ilikuwa kinyume, damu ilikataa kusimama, ilifika saa moja usiku bado nauma pamba inajaa. Nilipiga simu kliniki wakaniambia nichukue kifuko cha majani ya chai, nikiloweshe kidogo, nikikunje, niume hapo nusu saa bila kufungua mdomo kuchungulia. Chai ya Kericho hii hii ya kila siku. Ikasimama. Wanasema majani yana kitu kinakaza mishipa.

Kwa uchungu kama huo wako, nyanya yangu alikuwa anasaga karafuu anaweka kwa jino. Si ujaribu kujaza hilo shimo usiku huu ukingoja pesa?

afya_ya_kinywa_kakamega

Mwalimu, mimi ni afisa wa afya ya kinywa, nafanya kazi hii kila siku huku Kakamega, kwa hivyo nitakujibu kwa urefu.

Siwezi kukupima kupitia simu lakini venye umeeleza, uchungu kuanza upya siku ya pili ama ya tatu, kupanda sikioni, harufu, na mfupa kuonekana, hiyo inafanana sana na kile tunaita drai soketi. Jino likitoka, lile shimo linajaa damu na damu inaganda. Hilo donge la damu ndio bandeji yako, linafunika mfupa na mishipa ya fahamu hadi nyama iote. Likitoka mapema, mfupa unabaki uchi, kila hewa na mate na chembe ya chakula inagusa hapo. Ndio maana Panadol haitoshi.

Kusukutua kwa nguvu siku ya kwanza kunaweza kulitoa. Sigara pia, kunywa soda na mrija pia, kutematema pia, hata kulichokora na ulimi. Lakini usijibebeshe lawama yote, kuna watu hufuata kila kitu na bado linatoka. Kati ya watu 100 wanaong'olewa jino, 2 hadi 5 hupata hii shida, na kwa magego ya mwisho ya chini ni wengi zaidi kwa sababu mfupa wa hapo ni mgumu na damu haifiki kwa wingi, na kama jino lilikuwa gumu kutoka ndio kabisa. Wanawake wanaotumia tembe za kupanga uzazi pia wako kwa hatari kubwa kidogo, kama unatumia mwambie daktari.

Antibayotiki ya kemisti usinunue. Hii kimsingi ni kidonda kilichokosa kifuniko, na hizo tembe hazileti kifuniko. Unachohitaji ni kuoshwa na kuwekewa ile dawa ndugu wa Kibuye amesema, na kubadilishiwa baada ya siku moja ama mbili ikihitajika. Rudi pale pale ulipong'olewa, kliniki nyingi kuangalia tena kidonda chao hawalipishi kama mara ya kwanza. Piga simu uulize kwanza.

Kwa usiku wa leo: kama huna vidonda vya tumbo, pumu, shida ya figo na huna mimba, ibuprofen ya miligramu 400 baada ya kula, mara tatu kwa siku, na unaweza kuichanganya na paracetamol mbili za 500 kila baada ya saa sita, zisipite nane kwa siku. Panadol ni hiyo hiyo paracetamol kwa hivyo hesabu na zile umeshameza. Kitu kimoja naomba usikie: kama kemisti alikupa diclofenac, usiongeze ibuprofen juu yake. Ni ndugu wa tumbo moja, zikiwa mbili zinakula tumbo. Hii naiona kila wiki, mtu amefungiwa zote kwa karatasi moja.

Maji ya chumvi sasa unaweza, siku ya kwanza ilishapita. Nusu kijiko cha chai kwa kikombe cha maji vuguvugu, uache yatembee tu mdomoni halafu ufungue mdomo yaanguke yenyewe kwa sinki.

Mama wa Njoro, ile ya majani ya chai ni sawa kabisa. Karafuu ya kusaga hapana, tafadhali. Dawa yetu ina mafuta ya karafuu kweli lakini yamepimwa. Unga unaingia kwa mfupa unakaa huko unakuwa uchafu, na mafuta yenyewe yakiwa makali huchoma fizi.

Mwisho, na hii isingoje asubuhi: ukiona uvimbe mgumu chini ya kidevu ama shingoni, homa, mdomo unakataa kufunguka, ulimi unainuka, kumeza mate ama kupumua kunakuwa shida, enda hospitali kubwa usiku huo huo. Hapo ni usaha unashuka shingoni, na unaua.

nyar_seme

Mwalimu nimesoma hapo umeandika kuvumilia nikamkumbuka dani yangu, yaani nyanya. Yeye alikuwa wa wale waliotolewa meno sita ya mbele ya chini, nak, wakati Wajaluo bado wanafanya hivyo, akiwa msichana, bila ganzi wala kidonge. Nikiwa mtoto nilikuwa naweka kidole kwa hilo pengo lake akicheka. Nilipong'olewa gego nikiwa form two na nikapata uchungu kama wako, nilikuwa najikaza nikidhani yeye atasema sisi watoto wa siku hizi ni wadhaifu. Alinivuta mkono hadi barabarani tukangoja matatu ya Kisumu. Aliniambia yeye alivumilia ju hakukuwa na mahali pa kwenda.

Enda kesho asubuhi mama. Mwambie headteacher.

mwalimu_lanet

Asanteni sana, nimewasoma nyote nikalia kidogo. Nilipiga simu leo saa mbili asubuhi, wakaniambia nikuje tu, kuangalia si pesa, nilipe ile dawa peke yake. Nimeoshwa, imetoka kipande cha sukuma wiki. Yule daktari aliniuliza kama nilisukutua nikasema ndio, akasema wagonjwa wengi wanaambiwa hivyo nyumbani, akanionyesha picha ya taya kwa ukuta akanieleza pole pole kama mtu anafunza. Ile harufu ya karafuu imejaa hadi puani lakini uchungu umeshuka kutoka kumi hadi mbili hivi.

Afisa nikuulize moja, nimekulia huku Nakuru na meno yangu yana ile rangi ya kahawia, nilikuwa najua ni magumu hayaozi, mbona hili limeoza?

afya_ya_kinywa_kakamega

Nimefurahi sana umeenda. Hiyo rangi ni floraidi nyingi ya maji ya visima vya Bonde la Ufa, inaingia kwa meno ukiwa mtoto kabla hayajaota. Rangi si ugumu. Jino likiathirika sana ganda la juu hata linamegeka kwa urahisi, na sukari inaozesha la kahawia kama inavyoozesha jeupe. Kama una watoto wadogo nyumbani, maji ya kunywa wapatie ya mvua ama yaliyochujwa na mkaa wa mifupa, kuchemsha hakutoi floraidi.

Tafunia upande wa kushoto, githeri ingoje kama wiki mbili. Umeambiwa urudi lini?

mwalimu_lanet

Jumatatu saa kumi, wabadilishe kile kitambaa. Gredi ya tatu nimewaachia mwenzangu leo. Shangazi amenitengenezea uji wa wimbi na ameponda ovakado, na ile karatasi ya maelekezo tumeibandika kwa mlango wa jikoni, yeye mwenyewe ameniomba nimsomee tena ile ya saa ishirini na nne.