Toroli la bunduki ndefu kwenye mechi za kikauboi: likiinamishwa, mitutu inamtazama nani?

Mkuki_wa_Texas

Wakuu, habari za humu. Niko Texas, nimejiunga na klabu ya shabaha ya kikauboi inayofuata kanuni za SASS (Single Action Shooting Society, chama cha mchezo huu), na sasa namalizia kukusanya vifaa. Revolva zote mbili ninazo, raifali ya leva (mkono wa chini unaoteremshwa na kupandishwa ili kuingiza risasi) aina ya 1873 yenye mtutu wa inchi 24 ninayo, na shotigani ya mitutu miwili ya kuvunja, yaani inayokunjwa katikati ili kuijaza. Revolva hazinipi shida kwa sababu zinakaa kwenye mkanda kiunoni. Kinachonisumbua ni hizi bunduki ndefu.

Pale klabuni kila mtu ana toroli lake la kuzungukia kutoka steji (kituo cha kupigia shabaha) moja hadi nyingine. Mmoja amebadilisha kigari cha kusukumia mtoto chenye magurudumu matatu, mwingine katumia toroli la mifuko ya gofu, na wapo waliojenga ya mbao tupu yanayopendeza kama yametoka enzi zenyewe. Mimi nimeanza na toroli la kubebea mizigo, lile la magurudumu mawili ambalo haliendi mpaka uliinamishe. Nimefunga rafu ya mbao juu yake, nafasi nne, vitako chini na mitutu juu, wima kabisa. Sanduku la risasi nimelipigilia mbele, kwa chini.

Nilipolivuta likiwa tupu, mzee mmoja wa klabu alilitazama akaniambia nilifikirie tena kabla sijaweka bunduki. Akaitwa zamu yake, sikupata kumwuliza sababu. Naomba wenye uzoefu mnieleze: kosa liko wapi? Bunduki ziko wima, ni tupu, midomo ya mitutu inatazama mbinguni. Na shotigani ya kuvunja inakaaje kwenye rafu ikiwa wazi? Nikiifungua haisimami.

Kiranja_97

Karibu kwenye mchezo, mkuu. Kwa maelezo yako sioni tatizo. Wima ndivyo wengi tunavyobeba. Bunduki haiingii kwenye toroli mpaka imepita meza ya kutoa risasi na mwangalizi amehakikisha chemba (tundu la risasi inayosubiri kupigwa) na magazini (bomba la akiba ya risasi) ni tupu. Huenda huyo mzee hakupenda tu umbo la toroli. Mimi wasiwasi wangu ungekuwa kwenye upepo, maana matoroli membamba huanguka.

Mama_Leva

Kaka Mkuki, huyo mzee amekusaidia sana, na ukimwona tena mshukuru. Mimi niko Arizona, na kwenye kundi letu mara nyingi ndiye ninayekaa meza ya kutoa risasi, kwa hiyo matoroli yanapita mbele yangu siku nzima. Nitakuambia alichokiona.

Rafu yako iko wima toroli likiwa limesimama. Lakini toroli lako haliwezi kwenda likiwa limesimama, umesema mwenyewe. Chukua kipimo. Tuseme vitako vinakaa sentimita 20 juu ya ardhi. Raifali yenye mtutu wa inchi 24 ina urefu wa karibu sentimita 110, kwa hiyo mdomo uko kama sentimita 130 kutoka chini. Sasa liinamishe nyuzi 35 ili uvute. Mdomo unashuka hadi karibu sentimita 106, na unasogea kama sentimita 75 kuelekea upande wa mpini. Nani yuko upande wa mpini? Wewe. Ukifuata mstari wa mtutu kutoka pale, unapita kifuani au begani kwako. Ukivuta ukiwa umelipa toroli mgongo, unatembea na mitutu mitatu nyuma ya mabega yako, na anayetembea kando yako akizungumza nawe yumo humo humo. Shotigani fupi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mdomo wake uko chini zaidi na uinamapo unakukuta usawa wa tumbo.

Ndiyo maana nasema kipimo cha toroli kichukuliwe likiwa kwenye mwendo. Weka vijiti vya ufagio kwenye rafu badala ya bunduki, mwambie mtu alivute taratibu, wewe simama pembeni utazame vinaelekea wapi. Halafu mwambie alipandishe kwenye ukingo wa njia, apite kwenye kokoto, asimame ghafla. Utaona yote bila kuniamini mimi.

Kaka Kiranja, kwa heshima, hoja ya "ni tupu" siikubali, na kanuni zenyewe haziikubali. Tazama adhabu za SASS: ukimpitishia mtu mdomo wa bunduki iliyojaa, yaani ukamwelekea, unatolewa kwenye mechi yote. Ukimpitishia mdomo wa bunduki tupu, bado unafutiwa steji nzima. Kama utupu ungetosha, ile adhabu ya pili isingekuwepo. Sisemi kwamba msimamizi atamwadhibu mtu kwa sababu toroli lake limeinama, maana bunduki iliyoko kwenye rafu haijashikwa na mtu. Nasema tunapaswa kujenga toroli kwa fikra ile ile tunayoshikia bunduki. Kuangalia chemba ni kinga moja, mwelekeo wa mdomo ni kinga nyingine. Kila moja ipo kwa ajili ya siku ambayo mwenzake ameshindwa.

Na utupu wenyewe unahitaji jicho. Kwenye raifali ya leva, risasi inaweza kubaki juu ya kile kibebeo kinachoipandisha kwenye chemba, au kung'ang'ania ndani ya bomba la magazini halafu ishuke baadaye. Kwa hiyo pale mezani sitosheki mtu akifungua mara moja na kufunga. Namwomba aichezeshe leva, aifungue, tuangalie chemba, kibebeo, na mdomo wa bomba. Shotigani za pampu aina ya 1897 nazo ni hivyo hivyo, risasi hujificha ndani ya bomba. Wengine huniona nachelewesha foleni. Nachelewesha, na nitaendelea kuchelewesha.

Kuhusu yako ya kuvunja: huwezi kuiweka wazi kwenye rafu ya wima, ndivyo ilivyoumbwa. Inaingia imefungwa. Lakini shotigani ya mitutu miwili ina neema moja, ukiivunja unaona mwanga mpaka upande wa pili. Basi ivunje pale pale kando ya rafu, tazama mitutu yote miwili, funga, weka. Ukiitoa, ivunje kabla hujapiga hatua. Bunduki ndefu ikibebwa kwa mkono uwanjani iwe wazi na mdomo uwe upande salama, hilo halina mjadala.

Sanduku la risasi liondoe pale lilipo. Umeliweka mbele chini ya mitutu, na utaliinamia mara nyingi kwa siku, kila steji. Kila unapoinama kuokota risasi, paji la uso wako linapita juu ya midomo ya bunduki. Mitutu wima ni salama kwa mtu aliyesimama mbali nayo. Kwa mtu anayeinama juu yake, au mtoto anayekuja kuchungulia kwa kuwa toroli lina nakshi nzuri, wima si jibu. Hamishia sanduku upande wa mpini, au lifanye droo inayofunguka kwa pembeni.

Kiranja_97

Dada Mama_Leva, nimekwenda gereji nikapima la kwangu. Ni la magurudumu manne, haliinami, kwa hiyo mimi sikuwahi kulifikiria hilo. Kwa toroli la magurudumu mawili hesabu yako ni sahihi, naondoa nilichosema. Je, rafu ikiegemezwa kinyume haiwezi kuponya? Yaani ilale kidogo kwenda mbele, mbali na mpini, ili toroli likiinamishwa mitutu ndiyo iwe wima.

Fundi_Mwaloni

Niingie hapo kwa upande wa useremala, maana nimewajengea watu kadhaa wa klabu yetu kule New Mexico.

Inaponya nusu. Ukiegemeza rafu nyuzi 30 kwenda mbele, ni kweli ukivuta mitutu itasimama. Lakini ukifika na kuliegesha, midomo inawaelekea waliosimama mbele ya toroli, na uzito wote unahamia mbele ya ekseli. Bunduki ndefu si nyepesi. Utalazimika kuongeza mguu mrefu mbele, na mguu huo utakwama kwenye kila jiwe. Nimejaribu kwa nyuzi 15, ikawa afadhali kwa pande zote mbili lakini si nzuri kwa upande wowote.

Mkuki, usitupe rafu yako, imeshatengenezwa. Badilisha sehemu ya chini ya toroli. Tafuta magurudumu matatu au manne, upana kati ya magurudumu usipungue sentimita 60, na kitu kizito, yaani sanduku la risasi na maji, kikae chini kabisa katikati ya ekseli. Kigari cha mtoto cha kukimbilia kinafaa sana kwa sababu magurudumu yake makubwa hayaogopi mchanga. Kinainama tu pale unapokandamiza mpini kuvuka ukingo, na hapo unaweza kumwomba mwenzako anyanyue mbele badala ya kukandamiza.

Kwenye rafu, chini weka vikombe vyenye kina cha sentimita 5 hivi ili kitako kisiteleze. Juu chonga nafasi za duara, zivike ngozi, na kila nafasi iwe na mkanda wake wa ngozi wenye kishikizo. Mkanda mmoja mrefu unaofunga bunduki zote kwa pamoja usiuweke. Ukiufungua kutoa moja, zote zimeachiliwa, na hapo ndipo zinapoanguka. Acha nafasi ya kutosha kati ya bunduki na bunduki, nasema hasa kwa ajili ya raifali ya leva. Leva ikiwa chini inachomoza nje na kunasa bunduki ya jirani.

Breki usisahau. Viwanja vingi vina mteremko wa kupitisha maji ya mvua. Kabari ya mbao iliyofungwa kwa kamba inatosha, na upepo ukizidi lielekeze toroli ubavu mwembamba upande unakotoka upepo.

Mkuki_wa_Texas

Asanteni sana. Nimefanya lile jaribio la vijiti vya ufagio na mke wangu ndiye aliyevuta. Nilisimama pembeni nikaona vijiti vyote vinne vinamtazama kwenye shingo na bega. Sikuhitaji maelezo zaidi. Nimeshafungua rafu, nimepata kigari cha magurudumu matatu, na sanduku nalihamishia upande wa mpini kama droo.

Nimebakiwa na swali moja. Nikishafika steji na zamu yangu inakaribia, natoaje bunduki kwenye toroli kwenda meza ya kujaza? Naona wengine wanabeba zote mbili kwa pamoja, raifali mkono mmoja na shotigani mkono mwingine.

Mama_Leva

Mpe pole na hongera mke wako kwa niaba yangu.

Kubeba zote mbili kwa pamoja hakukatazwi na wengi wanafanya vizuri, lakini wewe ni mgeni, beba moja moja mpaka mikono izoee. Hakuna anayekupigia saa kati ya toroli na meza.

Kwanza egesha toroli mahali ambapo hutahitaji kugeuka na bunduki katikati ya watu. Mimi huegesha nyuma ya kundi na ubavuni, rafu ikitazama upande wa meza ya kujaza, ili nikishatoa bunduki naenda mbele moja kwa moja. Watu hawalifikirii hili, wanaegesha popote penye kivuli, kisha wanazunguka na mtutu mrefu kati ya viti vya wenzao. Usilisukumize karibu na viti. Mtu aliyekaa kichwa chake kiko usawa wa midomo ya bunduki.

Ukifika kwenye rafu, simama ubavuni mwa bunduki, usisimame mbele yake wala usiinamie juu. Mkono mmoja ushike sehemu ya mbao ya mbele, mwingine shingo ya kitako, vidole mbali na kifyatulio. Fungua mkanda wa bunduki hiyo tu. Inyanyue wima mpaka kitako kitoke kwenye kikombe. Wengi hukosea hapa: kitako kikikwama wanaivuta kwa kuilaza, na mdomo unashuka kupita kwa jirani. Kikikwama irudishe chini uanze upya.

Ikishatoka, na mdomo ukiwa bado juu, ifungue. Raifali teremsha leva, shotigani ivunje. Uangalie. Kisha ndipo utembee. Shotigani ikiwa imevunjwa, mitutu inaanguka kutazama ardhi, hivyo ishike karibu na mwili na uangalie miguu ya walio mbele yako. Pale mezani ilaze ikitazama uwanjani, halafu rudi kwa ya pili kwa utaratibu ule ule. Usijaze hata risasi moja kabla mwangalizi wa meza hajawa nawe.

Kurudi ni hivyo hivyo kinyume chake: kutoka meza ya kutoa risasi ukiwa na bunduki wazi, mpaka kando ya rafu. Mtu akikuita njiani, geuza shingo, usigeuze kiwiliwili. Na akija mtu kukupongeza wakati bunduki bado iko mkononi, mwombe asubiri uifunge mkanda kwanza. Anayeujua mchezo huu hatachukia.