Kisatelaiti chetu cha majaribio hakitulii. Tununue magurudumu?

MwalimuMalindi: Hamjambo. Nalea klabu ya sayansi katika sekondari moja hapa Malindi. Vijana wametengeneza boksi la sentimita 10 kila upande, sawa na kisatelaiti 1KUNS-PF cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoachiwa angani mwaka 2018. Ndani kuna betri, magnetometa (kipima usumaku) na koili tatu za waya wa shaba. Tunalining'iniza kwa uzi wa kushonea, tunalizungusha, kisha koili zilitulize kwa kusukumana na usumaku wa dunia. Likikaribia kusimama, linaanza tena! Mwenzangu asema tuchange tununue mota za magurudumu, yale yanayozunguka ndani ya boksi ili kuligeuza. Nishaurini.

MshipiNaDira: Mwalimu, msinunue kitu bado. Je, mnasoma magnetometa koili zikiwa na umeme? Basi inasoma koili zenu, si dunia. Nahodha haweki nanga kando ya dira. Zimeni koili, ngojeni kidogo, pimeni, ndipo muwashe tena. Satelaiti ndogo hufanya hivyo hivyo, kwa zamu. Na uzi wa kushonea hujisokotoa wenyewe. Tumieni mshipi wa kuvulia.

BintiShela: Naunga mkono. Gurudumu likizunguka huku, boksi hugeuka kule, tena kwa usahihi. Lakini angani visukumo vidogo vidogo huliongezea gurudumu kasi mpaka lifike kikomo, na kulipunguza kasi wataalamu hurudi kwa koili hizo hizo. Jambo jingine: kutulia si kujua unatazama wapi. Boksi likizunguka kwa kuufuata mstari wa usumaku, magnetometa haioni badiliko lolote. Lazima alama ya pili, kama mnavyolinganisha alama mbili za nchi kavu mkiingia bandarini. Ongezeni kihisi cha jua.

Ngomeni70: Waulizeni vijana kwanza: chao kitatazama nini? Satelaiti ya Uhuru, iliyorushwa hapa kwetu Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970, ilijizungusha makusudi, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, ipate kupekua anga kutafuta vyanzo vya eksirei.

MwalimuMalindi: Ahsanteni sana. Tumebadilisha uzi na kupima kwa zamu, na jana limesimama! Darasa zima lilipiga makofi. Sasa wanabandika vipande vya sola pande zote sita vitambue mwanga unakotoka. Tochi yatosha kuwa jua?

BintiShela: Yatosha, ila fungeni madirisha na mtundike kitambaa cheusi ukutani. Ukuta mweupe hurudisha mwanga, na kihisi kitaona majua mawili. Huko juu, mawingu ya dunia huzichanganya satelaiti vivyo hivyo.