GGT ya figo kuipita ya ini kwa mbali kwa panya: ni sahihi?

Mwanaseli: Wakuu, habari zenu. Napima vimeng'enya vinne, ALT, AST, LDH na GGT, kwenye viungo vya panya weupe wa maabara: ini, figo, moyo, msuli wa paja. Nataka ramani ya kila kimeng'enya kinakaa wapi, ili kikionekana kwenye damu nijue kimevuja kutoka kiungo gani. ALT imekaa vizuri, ini linaongoza. GGT ndiyo inanitatiza: figo iko juu sana, ini karibu sifuri, na hospitalini GGT ni kipimo cha ini. Nirudie kazi yote?

FundiBafa: Usirudie, mkuu. Kwa panya ndivyo ilivyo. GGT imejishikiza kwenye utando wa seli za mirija ya figo, na ini la panya mzima lina kidogo mno. Ndiyo maana figo ikiumia huwa tunaitafuta kwenye mkojo.

Ila baada ya kusaga kiungo na kukizungusha kwenye mashine, mashapo yaliyotuama chini umeyapeleka wapi? Kimeng'enya cha utando ukimwaga mashapo nacho kimeondoka, kwa hiyo huenda hata hiyo figo yako umeipunja. Tia Triton X-100 kidogo, sabuni ya maabara ya kuyeyusha utando, kwenye bafa (kimiminika) ya kusagia.

Halafu damu. Chembe nyekundu zimejaa LDH, na AST imo pia. Usipoziondoa unapima damu ukidhani unapima moyo. Panya akiwa kwenye usingizi mzito wa dawa, pitisha maji ya chumvi baridi kupitia ventrikali ya kushoto, atiria ya kulia ikiwa imekatwa. Litazame ini: wekundu unatoka mabaka mabaka mpaka lote linabaki kahawia iliyopauka. Baka likibaki, endelea. Watu wanairuka hatua hii kwa haraka na inaniuma, kwa sababu mnyama ametoa uhai wake mara moja tu.

Nuru_M: Naongezea: LDH ya ini na msuli haipendi kugandishwa, ipime siku hiyo hiyo. Na usiishie kwenye gramu, zidisha kwa uzito wa kiungo chote. Msuli una ALT kidogo kwa gramu, lakini misuli ni mingi mwilini. Ikiumia sana, ALT ya damu inapanda na ini halijaguswa. Pima CK, kimeng'enya cha msuli, sambamba.

Mwanaseli: Asanteni sana. Mashapo yote ninayo. Je, Triton haitaharibu kipimo cha protini? Natumia njia ya Bradford.

FundiBafa: Itaharibu. Hamia njia ya BCA, yenyewe inaivumilia Triton, na bafa ya kulinganishia nayo iwe na Triton ile ile.