Wi-Fi imepotea kabisa kwenye HP baada ya kuweka Ubuntu upya

MwanaKadutu
Jambo wakubwa wangu. Niko Bukavu, Kongo, mtaa wa Kadutu, naandika kwa simu kwa sababu mashini yangu haiingii tena kwenye intaneti.

Ni laptop ya HP ya mtumba. Windows yake ilijaa virusi vya flashi za pale ninapochapisha karatasi, mpaka mafaili yote yakageuka njia za mkato. Jumamosi nikafuta kila kitu, nikaweka mfumo wa Ubuntu 22.04 badala ya Windows. Moto, yaani umeme, ulikuwa unakatikakatika na betri imechoka, kwa hiyo nilibonyeza Continue haraka haraka bila kusoma. Sauti iko, picha iko. Wi-Fi hakuna. Sisemi haishiki mtandao, jamani: hata neno lenyewe halimo kwenye menyu. Ile taa ndogo ya F12 imebaki rangi ya chungwa, nikibonyeza haigeuki nyeupe kama zamani.

Fundi mmoja aliitazama dakika mbili, akasema kadi imeungua, nilete dola 25. Sina. Na mwalimu anayeniongoza kwenye TFC, kazi yangu ya kumaliza masomo, ananitumia masahihisho kwa barua pepe tu.

Nimeandika lspci, amri ya kuorodhesha vifaa vya ndani, ikatoa mistari mingi, mmoja una maneno Broadcom BCM43142. Amri ya rfkill list, inayoorodhesha vifaa visivyo na waya, inaonyesha Bluetooth peke yake. Tena kibodi nayo naona imeharibika: nikibonyeza kistari inatoka 6. Nisaidieni.

DadaNguba
Pole sana mdogo wangu. Yangu ilinifanyia hivyo hivyo, nikanunua kijiti cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB. Nilichomeka tu kikafanya kazi. Ila uliza kwanza kina chipu gani, maana vingine navyo vinadai dereva, ile programu ya kukiendesha kifaa.

YayaFundi
Usitoe hizo dola 25, na kijiti pia kiache kwanza. Kadi iliyokufa kawaida haijitaji jina kwenye lspci. Yako imesema Broadcom BCM43142, basi ipo, inangoja dereva. Dereva wa chipu hiyo si programu huria, kwa hiyo Ubuntu haiiweki mpaka uiombe, na kwenye kuweka kuna kisanduku kidogo cha kutia alama ambacho mtu mwenye haraka anakiruka. Taa ya F12 nayo haina wa kuiamrisha. Ndiyo maana haigeuki.

Kibodi yako ni nzima. Mashini zetu huku nyingi zina kibodi ya AZERTY, mpangilio wa herufi wa wasema Kifaransa, na wewe uliikubali QWERTY ya Kiingereza bila kujua. Kwenye AZERTY ya Kifaransa kistari kiko juu ya 6, ndiyo hiyo 6 unayoiona. Ingekuwa ya Ubelgiji ungepata alama ya sawasawa.

Anza na kibodi. Ingia Settings, Keyboard, uongeze French, lakini Kiingereza usikifute! Nenosiri lako la kuingia uliliandika na Kiingereza. Kama lina A au M au tarakimu, ukiwa kwenye Kifaransa litakataliwa na utadhani umefungiwa nje. Kuhama kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine ni kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi.

Kisha chomeka simu kwa waya wa kuchajia, ufungue ugawaji wa intaneti kwa USB. Mashini itatumia mega zako bila kuhitaji Wi-Fi. Zima masasisho mengine yasikulie mega, halafu:

sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source

Ikikuomba nenosiri jipya la Secure Boot, yaani ulinzi unaokagua programu mashini inapowaka, weka lenye herufi zisizohama, mfano bukubuku. Skrini itakayokuuliza baadaye inajua QWERTY tu, kwa hiyo epuka A, Q, Z, W, M na tarakimu zote.

MwanaKadutu
Aksanti yaya. Kibodi imepona, kistari ni kistari! Dereva pia imeshuka, nikaweka hilo bukubuku. Nikawasha upya, ikatokea skrini ya bluu, nikaogopa kuharibu, nikabonyeza Continue boot. Wi-Fi bado hakuna. Nikiandika sudo modprobe wl ili kuiamsha dereva, inaniambia Key was rejected by service.

YayaFundi
Usiogope, umefika mlangoni ukarudi. Secure Boot inakataa dereva ambayo ufunguo wake haujaandikishwa, na ile skrini ya bluu ndiyo ya kuuandikisha. Haitokei mara ya pili mpaka uiite:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Rudia bukubuku, uwashe upya. Safari hii usiondoke mbele ya mashini: una sekunde 10 za kubonyeza kitufe chochote, zikipita inaendelea kuwaka kama kawaida na utaanza tena. Chagua Enroll MOK (kuandikisha ufunguo), Continue, Yes, nenosiri, Reboot. Na betri yako hiyo, fanya wakati moto upo.

DadaNguba
Kumbe! Basi ile ya kwangu nayo haikuwa imekufa. Nitaifungulia leo usiku.

MwanaKadutu
Moto umerudi saa nne usiku, nimeifanya papo hapo na mdogo wangu akinishikia tochi tusije tukakatiwa katikati. Nimebonyeza kabla ya sekunde kuisha. Ilipowaka, taa ya F12 ilikaa chungwa kidogo, halafu ikawa nyeupe. Nimepiga kelele mpaka mama ameamka.

Nenosiri la Wi-Fi ya jirani lilikataa mara mbili. Lina M na 7, nami nilikuwa nimerudia Kiingereza ili niingie. Nikahamia Kifaransa, likakubali. Masahihisho ya sura ya pili yameshuka, kurasa 14. Yaya, yule fundi alitaka kuifungua na bisibisi.

YayaFundi
Nimefurahi sana. Siku Ubuntu ikileta kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, dereva itajengwa upya yenyewe, iache imalize kabla ya kuzima. Ikipotea tena, rudi hapa na mstari wa lspci.