Magwangala yana pH 7.9: nifunike udongo nipande miti moja kwa moja?

Mfukua_Shimo
Wakuu, kuna lundo la magwangala (mawe taka ya mgodi) la hekta 4, mgodi wa dhahabu Kanda ya Ziwa. Mawe yamesagwa na kuchanganywa na maji ya betri (yale safi yasiyo na chumvi, si tindikali), pH ikatoka 7.9. Salfa ni 1.2%. Udongo wa juu uliopo unatosha sentimita 20. Nimwage, nipande?

Jiwe_Kijivu
Bado mkuu. Hiyo 7.9 ni ya leo. Pairaiti (madini ya chuma na salfa, ndiyo hutoa tindikali) ikiwa haijakaa na hewa na mvua, jiwe linasoma vizuri tu. Zidisha salfa kwa 31.25: unapata 37.5, ndizo kilo za kalisi kaboneti za kuzima tindikali ya tani moja. Sasa maabara ipime jiwe lenyewe lina kilo ngapi za kuzima, ugawe kwa 37.5. Chini ya 1 litachacha, juu ya 2 kwa kawaida halina shida. Likiwa katikati, liingie jaribio la unyevu (linapitishiwa hewa na kuoshwa kwa maji kila wiki), wiki 20 si chini.

Mtego upo kwenye saiderait (kaboneti ya chuma): kwenye kipimo inaonekana inazima, baadaye chuma chake kinarudisha tindikali ileile. Waambie maabara waweke haidrojeni peroksaidi. Na sampuli usikwangue juu juu, chimba, tenga kila aina ya mwamba.

Mfinyanzi
Udongo nao upimwe. Tumbukiza bonge kavu, saizi ya punje ya mahindi, kwenye glasi ya maji ya betri. Usitikise. Ndani ya dakika 10 likizungukwa na ukungu kama maziwa, sodiamu imezidi. Ukiuweka kwenye mteremko mvua itaukata makorongo. Hapo weka jasi au uupeleke tambarare.

Ulirundikwa kimo gani? Ukipita mita 2 na kukaa miaka, mbegu na kuvu wa ndani wamekufa, andaa samadi. Usiusambaze ukiwa mbichi, magari yataushindilia. Ukishamwaga, tifua sentimita 50 kwa kufuata kontua (mistari ya kimo sawa, kukatisha mteremko).

Mfukua_Shimo
Majibu yamekuja: jiwe lina kilo 21 za kuzima kwa tani, peroksaidi iliwekwa.

Jiwe_Kijivu
21 kwa 37.5 ni 0.56, chini ya 1: litachacha. Miti isubiri. Chokaa juu ya lundo lililokwisha kumwagwa haifiki ndani, ni kupoteza hela. Sawazisha mteremko, shindilia mfinyanzi kuzuia maji na hewa, juu yake mwamba usio na salfaidi (madini ya salfa kama pairaiti), ndipo udongo wako. Miti ya mizizi mirefu usiweke, itatoboa mfinyanzi. Anza na nyasi.

Mfinyanzi
Na mfinyanzi huo upite kwanza kwenye glasi.